Sauti Iliyozidi Kipimo

Juzi mlinipa keki na saa ya ukutani, mkaniambia nikapumzike. Kwa keki, asanteni. Wafula akanivuta pembeni akasema, "Madam, si utuandikie kidogo, hii kazi ulianza aje, ndiyo hawa wapya wajue." Basi nimekaa mezani hapa nyumbani, chai iko, majirani leo wamenihurumia wakazima redio, na ninaandika. Vyeo na mishahara mtanisamehe. Vyeo tulijipa wenyewe, na mishahara mnaijua.

Nilianzia Kitale, kwa Bwana Harbans, Kalasinga aliyezaliwa hapo hapo mjini. Mbele alikuwa na duka la kuuza na kutengeneza redio. Nyuma alikuwa na chumba chenye mablanketi ukutani, na hicho ndicho alichokiita studio. Siku ya kwanza nilidhani nitafundishwa vitufe. Akanikalisha kwenye stuli mbele ya sindano mbili ndogo za kuonyesha nguvu ya sauti, kwaya ikaingia, akaniambia, "Mama, wewe angalia sindano tu. Usiguse kitu." Nilikuwa msichana hata sijaolewa, lakini kwake kila mwanamke alikuwa mama. Niliangalia sindano mpaka macho yakaniuma. Zilipogonga pale pekundu nikapiga kelele, "Imepita!" Kwaya nzima ikanyamaza. Harbans akafumba macho kidogo, kisha akasema kwa upole, "Sindano haijaharibu wimbo, mama. Wewe ndiyo umeharibu."

Tepu ilikuwa na huruma. Ukiizidishia sauti ilikwaruza kidogo, maisha yakaendelea. Harbans hakuiamini huruma hiyo. "Acha nafasi juu," aliniambia karibu kila asubuhi. "Mtu anaimba hajakuuliza ataimba kwa nguvu gani." Alikuwa mkali kuhusu waya, mkali kuhusu vumbi, na chai yake ilikuwa na sukari ya kumwua ng'ombe. Kila nilichojua kwa miaka mingi kilitoka kwake.

Kompyuta zilipokuja, huruma ikaisha. Hapa nitaeleza polepole, maana najua baadhi yenu mnabonyeza tu. Kompyuta haihifadhi sauti. Inahifadhi namba, maelfu kwa kila sekunde, kila moja ikisema wimbi limefika juu kiasi gani. Programu zetu za kwanza za kuchanganya sauti zilitumia namba kamili, na hizo zina kikomo. Mnamjua mama wa sokoni anavyopima mahindi kwa gorogoro: anajaza, anapitisha ubao juu, kilichozidi kinaanguka. Programu nayo ilikuwa hivyo. Chochote kilichozidi namba ya mwisho kiliandikwa namba ile ile ya mwisho. Kilele cha wimbi kinakuwa bapa, na ukikisikiliza ni mlio wa mabati matupu. Usidhani utashusha sauti baadaye uokoe kitu. Ukishusha, unapata ubapa mdogo.

Chini nako kulikuwa na balaa lake. Mzee mmoja wa karibu na Kibabii alitupigia litungu, kinubi chetu cha nyuzi, na kila wimbo aliumalizia kwa uzi mmoja aliouacha ufifie wenyewe. Kwenye kompyuta uzi haukufifia. Ulikatikakatika kama redio yenye betri mbovu. Sauti ilipokuwa ndogo sana, namba za kuieleza zilibaki chache: mbili, moja, sifuri, katikati hakuna. Mzee akasikiliza, akaniuliza, "Ni nani ameua mkono wangu?" Nilitamani ardhi inimeze. Harbans ndiye aliyesoma mahali kwamba dawa ni kutia kelele ndogo sana, mvumo mwembamba tu, kabla ya kuzipunguza namba tarakimu. Nikamwambia, ala! Miaka yote unanifundisha kuondoa kelele, leo unatia nyingine? Akatia. Uzi ukafifia vizuri, mzee akatabasamu. Mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Miaka ikaenda. Harbans akafunga duka akawafuata wanawe, mimi nikaolewa Bungoma, tukafungua hii studio mnayoijua. Programu nazo zikabadilika, zikaja zile za desimali inayohama. Mashine inaandika tarakimu zake, halafu inaandika kando desimali ikae wapi. Sauti ikiwa ndogo desimali inasogea huku, ikiwa kubwa inasogea kule, na tarakimu haziguswi. Yaani gorogoro linakua kadiri mahindi yanavyoongezeka. Ukipita mstari mwekundu hakuna kinachokatwa. Unashusha baadaye na kilele chako kiko pale, kizima. Mwishowe ikaja hata rekoda ndogo ya mkononi inayorekodi namna hiyo, biti thelathini na mbili. Tulinunua moja, na ndiyo tuliyokwenda nayo Kabuchai.

Alikuwa amefariki mzee wa heshima, wa wale ambao kwetu Wabukusu hawazikwi watu wakatawanyika hivi hivi. Baada ya mazishi huitwa mswasi, mzee wa kusema kumuse. Watu wanaketi, yeye anatembea huku na huku katikati yao, fimbo mkononi, anasimulia ukoo ulikotoka, marehemu aliishi vipi, na waliobaki waishi vipi. Maneno hayo hayafanyiwi mazoezi nyumbani, wala kesho hayarudiwi kwa aliyechelewa. Na akishaanza, hakuna kusimama, hakuna kukatiza njia yake. Mswasi wetu alinikubalia rekoda kwa sharti moja. "Hiyo chuma yako ikae pale kwa mguu wake," alisema. "Nikianza, mtu asiisogelee. Hata wewe."

Aliyetuita kurekodi ni mjane, Mayi Nanjala; mayi kwetu ni mama. Marehemu alikuwa na wake wawili. Wa kwanza alitangulia kufa, akabaki huyu mdogo. Watoto wa mke wa kwanza, mkubwa wao akiitwa Barasa, walikuwa wanasema chini chini kwamba huyu mama hakuolewa, aliokotwa tu akakaa, na mzee sasa hayupo. Kila mtu alikuwa anangoja mswasi. Akimtaja Nanjala kuwa mke, ni mke, na boma ni lake. Asipomtaja, afungashe. Na asubuhi ile ile ya kumuse tumbo likamshika vibaya, akapakiwa garini kupelekwa hospitalini Lugulu. Kabla mlango haujafungwa alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma. "Nichukulie yote, mayi," alisema. "Usiache hata neno. Mimi nitasikia na masikio yangu."

Mswasi alianza kwa sauti ya chini, majina ya mababu, tulivu kabisa. Mimi na Wafula tulikuwa tumeketi mbali na rekoda lakini taa yake tuliiona. Alipofika kwa Nanjala mswasi alipandwa na mori. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye maiki akanguruma, fimbo hewani, na taa ikawa nyekundu, ikakaa nyekundu. Wafula akainuka nusu. Mzee aliyeketi nyuma yetu akamkandamiza begani kwa bakora. "Keti, kijana. Hapa hapapitwi." Nikamnong'oneza Wafula aache, mashine hii haipitishi ubao. Nanjala alikuwa ametajwa, tena kwa kishindo, na sauti hiyo tulikuwa nayo.

Asubuhi iliyofuata Nafula, binti yake Nanjala, alinipigia simu akilia. "Mama amekataa kuingia theatre. Daktari anasema ni leo, ikifika kesho utumbo utakuwa umeoza. Yeye anasema kwanza asikie kumuse. Ati kama hakutajwa, arudishwe kwao akafie kwao."

"Si umwambie alitajwa? Wewe ulikuwepo."

"Nimemwambia! Anasema naweza kumdanganya ndiyo akubali kukatwa. Nikamwambia hata wewe ulisikia. Akasema wewe ni yeye amekulipa."

"Na Barasa?"

"Barasa yuko hapa. Anasema hakusikia vizuri."

Nikafungua faili kwenye kompyuta ya studio. Majina ya mababu, safi. Mswasi akaanza kupandisha, nami nikatayarisha mkono kushusha. Mabati. Mabati matupu, na vilele vyote vimelala kwenye mstari mmoja, bapa kama meza. Nilisikiliza mara tatu, na ndani ya ile kelele hungeweza kutoa hata jina la mtu.

"Wafula! Umefanya nini hii?"

Akaja, akatazama skrini. Mnajua desturi yetu ilivyokuwa. Kazi zetu nyingi zilikwenda redioni, na redio walitaka biti kumi na sita, namba kamili. Kwa hiyo kila faili iliyoingia studio iligeuzwa kumi na sita papo hapo, kabla mtu hajaisikiliza. Kisha kadi inafutwa, maana kadi ni moja na kazi ni nyingi. Wafula alifanya kama kila siku. Alichukua sauti iliyozidi kipimo, kubwa na nzima, akaipitisha chini ya ubao.

"Si tumezoea kumi na sita, bana," alisema polepole. "Hata sikufikiria."

"Kadi iko wapi?"

"Nimeifuta. Iko kwa rekoda. Chebet ameenda nayo Kitale, kurekodi kwaya."

Kadi ikifutwa, kinachoondoka ni majina ya faili tu. Namba zenyewe zinabaki pale mpaka kitu kingine kirekodiwe juu yake. Chebet akibonyeza tu, basi. Nikampigia. Simu imezimwa. Alikuwa mfanyakazi mzuri, na nilikuwa nimemfundisha kwamba mbele ya maiki simu huzimwa, si kuwekwa kimya, huzimwa. Sheria yangu hiyo, naye alikuwa anaitii vizuri sana.

Tukapanda Probox ya Wafula. Kabla ya Webuye tulikutana na trela la miwa limechukua barabara yote, na Wafula, mtu wa kanisa, akasema maneno ambayo siandiki. Tulipofika Misikhu nilitazama upande wa Lugulu. Mama yuko pale, amelala, anangoja, na sisi tunampita mbio bila chochote mkononi. Nafula akapiga tena. "Mko wapi?" Nikamwambia tunakuja. Aliposikia gari halipunguzi mwendo akauliza tena, "Mko wapi, auntie?" Nilimwambia amshike mama yake mkono, nikakata.

Kanisani Kitale tuliwakuta wamepangwa mistari, majoho yamevaliwa, mwalimu wa kwaya ameinua mikono. Chebet alikuwa amechuchumaa mbele, hedifoni masikioni, kidole juu ya kitufe. Nilipaza sauti ambayo sikujua ninayo. "Chebet! Acha hapo!" Hakusikia, hedifoni. Wafula akapita katikati ya sauti za kwanza na za pili, akamshika mkono.

"Umerekodi kitu?" nilimuuliza nikihema.

"Kidogo tu, ya kujaribu sauti. Kuna nini, madam?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Ubeti mmoja."

Ubeti mmoja umekula kitu, lakini umekula nini? Mwalimu wa kwaya akanijia juu, "Mama, hawa watu wametoka mbali, huwezi kuingia tu hivi!" Nikamwambia kuna mtu anakufa, na kama anataka kugombana tugombane kesho. Akarudi kwa watu wake. Baadaye niligundua kwamba kwaya nzima ilikuwa imekaa chini ikaanza kuomba, bila hata kujua inamwombea nani.

Tukaingia chumba cha nyuma, nikaweka kadi kwenye laptopu, nikawasha ile programu ya kufukua vilivyofutwa. Mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ulikuwa unatambaa. Wafula alisimama nyuma yangu akisema "pole, madam, pole," mpaka nikamwambia aende akasimame nje. Mwishowe ikatoka faili moja kubwa, bila jina na bila kichwa. Kichwa cha faili ndicho huiambia programu namba zilizomo ni za aina gani, na ubeti wa Chebet ulikuwa umekikalia, pamoja na mababu wote wa mwanzo. Nikaifungua hivyo hivyo. Ukatoka mngurumo wa kutisha, kelele tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Chebet akaziba mdomo. "Imeenda," alisema.

Nikawaza. Nilijiambia, mwanamke, tulia, hesabu. Hizi ni namba. Programu imezisoma kama namba kamili kwa sababu hakuna aliyeiambia vinginevyo. Nikaifunga, nikaifungua upya kwa kuiambia kila kitu mwenyewe: biti thelathini na mbili, desimali inayohama, njia moja ya sauti. Kelele tena. Labda imeanza kusoma katikati ya namba, imeshika mkia wa hii na kichwa cha ile. Nikaisogeza baiti moja. Kelele. Nikasogeza nyingine. Kelele. Nikasogeza ya tatu, na mle ndani ya chumba akaingia mzee wa Kabuchai akizungumza, taratibu, na nyuma yake jogoo akiwika. Chebet alipiga yowe.

Tukasogea mpaka kwenye mngurumo. Kwenye skrini sauti ilikuwa imepita mstari kwa mbali, imetoka nje ya picha. Nikashika kile kijiti cha kupandisha na kushusha, nikashusha taratibu, na vilele vikateremka kutoka juu, kimoja kimoja, vya mviringo, vizima, hakuna hata kimoja kilichokatwa. Kila neno lilikuwepo. Nikalainisha hapa na pale, mngurumo ukae karibu na maneno ya upole, masikio ya mgonjwa yasiumie. Kisha tukatoka mbio. Chebet alibaki na kwaya, na kadi nikaondoka nayo mfukoni. Waliimba siku nyingine.

Lugulu tulimkuta Mayi Nanjala kitandani, uso umekuwa wa kijivu, ameng'ang'ania reli ya kitanda. Nafula alikuwa kando yake. Nesi alikuwa mlangoni na karatasi za kukubali upasuaji, na mbele yake alisimama Barasa, kofia mkononi, hatazami mtu. Sikusalimia hata. Nikamvalisha mama hedifoni, nikamwambia mwanzo umepotea, anisamehe, nikabonyeza.

Alisikiliza amefumba macho. Ilipofika pale nilimwona ameshika shuka. Ikapita. Akafumbua macho.

"Ni yeye," alisema. "Lakini alisema hivi? Polepole hivi, kama mtu anaomba chumvi?"

"Hapana, mayi. Alinguruma. Ni mimi nimeshusha, isikuumize."

"Nani amekuambia ushushe?" Mtu aliyekuwa anakufa, na sauti ilinikwangua. "Toa hii kitu masikioni. Weka vile alisema. Wote wasikie."

Wafula akakimbilia spika garini. Nami nikafanya kitu ambacho kwenye ile faili ya kumi na sita kisingewezekana kamwe: nikarudisha kila kilichoshushwa, nikampa mzee nguvu zake zote. Nikabonyeza.

"Nanjala hakuokotwa!" Wodi nzima iliruka. "Aliletwa kwa ng'ombe, na mimi nilikuwa hapo, nilishika kamba! Amemuuguza huyu mzee, nyinyi mkiwa wapi? Anayetaka kumtoa katika boma hili, aende kwanza pale kaburini amtoe na mwenye boma!"

Wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wameinuka kwenye viwiko. Mwanamke mmoja wa dirishani akasema, "Eee! Amesema." Barasa alikuwa anatazama sakafu, na shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Mimi nililia, siwafichi. Nililia nikiwa nimeshika waya.

Mayi Nanjala akamnyoshea nesi mkono, akapewa kalamu, akaweka alama yake. Walipoanza kusukuma kitanda akawasimamisha kwa kidole, akageuza kichwa.

"Barasa."

Barasa akainua macho.

"Ng'ombe hawajanywa maji tangu asubuhi, na nyinyi wote mmejaa hapa. Nani anaangalia boma langu?"

Akavaa kofia. "Naenda sasa hivi, mama," alisema, akaenda.